Tulipogeuziana Mgongo Juu ya Kichuguu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na ninyi mliokaa huku mbele, asifiwe na ninyi mliosimama mlangoni kwa kukosa nafasi, asifiwe na mama zangu mnaonyonyesha pale nje upenuni. Mimi ni Subilaga, mke wa Ambilikile, yule mpiga tarumbeta. Wengi wenu mlimjua mume wangu kwa masikio kabla ya kumjua kwa macho. Leo mchungaji amenipa ruhusa nisimame niseme, na tangu asubuhi moyo unaniruka, hata uji sikuumaliza.

Nitasema kwa Kiswahili, kile tulichofundishwa shuleni, maana leo wamo Wakisi kutoka Matema, wamo Wakinga walioshuka milimani, na wageni wengine ambao Kinyakyusa changu kingewalaza usingizi. Nikikosea mnivumilie. Nina neno kubwa la kusema, na nikichelewa kulisema litanipasua kifua.

Ndugu zangu, nianze na jinsi nilivyokuwa. Ninyi Wanyakyusa wenzangu mnalijua jambo hili, nawaeleza wageni. Kwetu mwanamke aliyeolewa hamwoni baba wa mume wake. Sisemi hamsalimii, nasema hamwoni. Haangalii uso wake, hataji jina lake, haingii nyumbani mwake. Akisikia anakuja, anatoka njiani, anajificha na kujifunika nguo mpaka mzee apite. Na mzee naye hivyo hivyo: akimwona mkwewe kwa mbali, anapinda njia. Ndiyo maana vijana tunajenga kijiji chetu na wazee wanabaki katika chao. Ni heshima, na heshima ni kitu kizuri, silalamiki. Lakini ndani ya heshima ile mimi nilitiwa hofu. Niliambiwa kwamba mtu na mkwewe wakitazamana usoni, tumbo la mwanamke linafungwa, na kama kuna mimba inatoka.

Basi sikilizeni. Nilikuwa bado mwali, mkono wangu haujazoea hata mtungi wa kwao, nikaenda mtoni kuchota maji. Huku nyuma ya migomba baba mkwe alikuwa anatafuta ndama aliyepotea. Nikainua mtungi, naye akatokeza. Tukaonana uso kwa uso! Sikumwona hata vizuri, niliona ndevu tu na mdomo ulioachwa wazi. Mimi nikautupa mtungi nikakimbia huku, yeye akakimbia kule, na ndama akabaki peke yake mtoni akitushangaa. Leo mnacheka, hata mimi nacheka. Siku ile sikucheka. Kabla ya mavuno mimba yangu ya kwanza ilitoka, na ya pili ikaifuata.

Wanawake hawakuniambia kitu. Walinitazama tu tumboni, kisha wakatazama upande wa mtoni. Hilo lilitosha. Tangu hapo niliishi nikiwa nimetega masikio. Nilikijua kikohozi cha yule mzee kuliko nilivyokijua kikohozi cha mama yangu. Nilijua hatua zake, nilijua anavyoita ng'ombe wake jioni, sauti ndefu inayovuka bonde lote. Kila nilipoisikia tumbo langu lilikaza. Huo ulikuwa utumwa wangu, ndugu zangu, na hakuna aliyeuona, maana kwa nje ulionekana kuwa adabu.

Kisha Ambilikile akachaguliwa kusomea ualimu katika shule ya misheni ya juu, huko upande wa Rungwe, na sisi tuliokuwa wake tukaruhusiwa kufuatana na waume zetu. Nilipanda mlima ule nikiimba! Watu walidhani naimba kwa kupenda shule. Niliimba kwa kuwa kule hakuna baba mkwe.

Maisha ya shule mnayasikia tu, nasi tuliyaishi. Kengele inalia kabla hujamaliza ndoto. Sala, kisha wanaume darasani, wake shambani kupalilia maharage, maana kila nyumba ilijilisha yenyewe. Mchana wanaume wanakwenda kufyatua matofali, sisi tunaingia darasani tukiwa na matope miguuni, kusoma na kushona. Mimi na mume wangu tulikuwa na kibao kimoja cha kuandikia. Asubuhi anakijaza hesabu zake. Mchana mimi nakipangusa na kuandika herufi zangu. Jioni anakuja mbio, "Subilaga, hesabu zangu ziko wapi?" Namwambia ziko kwenye kitambaa. Tuligombana juu ya kile kibao, ndugu zangu, kisha tukacheka, kisha tukala ndizi zetu na kusoma pamoja kando ya moto. Nami nataka mjue kwamba kwa kuandika nilimshinda, aseme mwenyewe kama nadanganya.

Halafu akapewa tarumbeta. Mwalimu wa nyimbo alisema kijana huyu ana pumzi. Pumzi alikuwa nayo kweli! Aliingia nayo migombani kila jioni, ng'ombe wa misheni wakakata kamba. Kulikuwa na wimbo mmoja wa Pasaka aliojifunza, na katikati ya wimbo ule kuna mahali pa kupanda juu. Kila alipofika pale sauti ilimvunjika, ikatoka kama mbuzi aliyekanyagwa. Nilimtania kwa ajili ya ile sauti mpaka siku moja akakataa kula.

Katika shughuli zote hizo nikashika mimba ya tatu. Bibi wa misheni, mke wa mchungaji Mzungu, aliyetufundisha kushona, alinikalisha chini akanieleza kwamba hofu yangu ni bure, jicho la mkwe halitoi mimba. Nikajibu, "Ndiyo, Bibi." Moyoni nikasema, huyu hana baba mkwe huku. Nilijua kusoma, nilijua kuomba, nilikuwa nimebatizwa na kupewa nguo nyeupe, lakini hofu yangu nilikuwa nimeibatiza pamoja nami. Ilikaa ndani ikisikiliza mahubiri.

Ikafika likizo ya Pasaka. Shule nzima ilichangamka, watu wakafunga mizigo, wakaimba wakifunga. Ambilikile alikuwa ameagizwa ashuke upesi mpaka kanisa letu hili la ziwani, ili alfajiri ya Pasaka apige tarumbeta makaburini. Mnajua desturi yetu: kabla ya jua kuchomoza tunakusanyika palipolala wafu wetu, tunalingoja jua tukiimba kwamba Bwana amefufuka. Basi yeye akatangulia ili afanye mazoezi na waimbaji. Mimi nikapitia kwa mama yangu huko Busale nipumzike kidogo, kwa ajili ya tumbo. Jumamosi asubuhi mama akanipa kuku mtetea, mwekundu, nimpelekee mama mkwe. Akamtia katika kikapu, nikaaga, nikashuka na wanawake waliokuwa wakienda upande uleule. Kwenye njia panda wakashika yao, nami nikabaki na kipande kidogo tu cha kufika kwetu ng'ambo ya mashamba ya mpunga.

Jua lilikuwa linawaka. Nyote mnakaa bondeni, mnajua mto Lufilyo ulivyo. Kwetu huku kumekauka, kumbe milimani kumenyesha tangu usiku, na maji yako njiani. Mimi nilikuwa natembea nikiwaza mapishi ya Pasaka. Mara nikasikia kikohozi.

Kikohozi kile! Mbele yangu, kwenye tuta la njia. Sikufikiri hata kidogo. Nikaingia kushoto katika matete, nikainama, nikajifunika kaniki kichwani, na kikapu cha kuku nikakikumbatia. Nikangoja nisikie hatua zake zikipita. Hazikupita. Nikazidi kungoja. Kimya. Ndugu zangu, kumbe yeye alikuwa ameiona kaniki yangu kwa mbali, na kwa adabu yake akatoka njiani anipishe. Na akaingia kulekule kushoto! Tulikuwa tumejificha katika matete yaleyale, kila mmoja akimngoja mwenzake apite, na njia ipo pale katikati haina mtu. Kama tungekuwa hatuna adabu, tungekuwa tumefika nyumbani wote wawili.

Maji yakaja. Hayakuja kwa kelele. Kwanza miguu yangu ikalowa, nikadhani ni tope. Kisha magoti. Nikainuka nirudi kwenye tuta, na tuta halikuonekana, ni maji mekundu tu yanakimbia pale njia ilipokuwa. Karibu nami kulikuwa na kichuguu kirefu kilichoota nyasi. Nikakivamia, nikapanda kwa mikono na magoti, kikapu kinaning'inia shingoni. Nilipofika juu nikasikia mtu anahema upande wa pili. Naye alikuwa anapanda.

Basi tazameni hali yetu. Kichuguu kimoja, watu wawili, maji pande zote, na watu wale ndio hao wasiotakiwa kuonana mpaka kufa. Nikajifunika kaniki mpaka kidevuni nikamgeuzia mgongo. Naye akanigeuzia mgongo. Tukakaa hivyo, mimi nikitazama milimani, yeye akitazama ziwani, na katikati yetu hatukuachiana nafasi ya kupitisha mkono. Mimi nilikuwa nalia kimyakimya huku nimeshika tumbo. Maji sikuyaogopa. Nilimwogopa yeye.

Baada ya muda mzee akakohoa, akasema kwa sauti ya upole, "Kuku."

Nikashtuka. Kuku naye akashtuka kikapuni.

"Kuku," akasema tena, "mwambie huyo aliye nyuma yangu apande juu zaidi. Upande wangu maji yanaongezeka."

Nikamwambia kuku, "Mwambie mzee kwamba na upande wangu yanaongezeka. Juu hakuna nafasi, tutagusana."

"Kuku, mwambie tutagusana migongo tu. Mgongo hauna macho."

Tukasogea juu, migongo ikagusana. Ndugu zangu, yule kuku alifanya kazi siku ile kuliko tarishi wa boma! Mzee alimtuma aniulize kama mwanawe alifika salama, nikamtuma amjibu kwamba alitangulia tangu juzi. Akamtuma aniulize kama ni kweli huko shuleni hata wanawake wanasoma. Nikasema, "Kuku, mwambie ni kweli, tena kwa kuandika namshinda mwanawe." Nikasikia mgongo wake unatikisika. Mzee alikuwa anacheka. Sikuwahi kujua kwamba mtu yule hucheka.

Halafu kichuguu kikaanza kumeguka. Kwanza kipande cha upande wake, kikaanguka majini pamoja na nyasi zake. Kisha pale nilipokanyaga pakazama. Niliteleza mpaka kiunoni, kikapu kikachukuliwa, kuku akaruka akitapatapa. Nikapiga kelele kwa mara ya kwanza. Mkono ukaishika ncha ya kaniki yangu ukanivuta, ukavuta mpaka nikarudi juu. Baadaye aliniambia kwamba alifanya hivyo amefumba macho, akipapasa hewani mpaka akaikuta nguo. Akanigeuzia mgongo tena. Na kuku alikuwa ametua begani kwake, naye akamwacha hapohapo, mtu mzima mwenye ng'ombe zake.

Hapo nilianza kuomba, tena kwa sauti. Nikasema, Ee Kyala, Mungu wetu, wewe uliyewapitisha watu wako katikati ya maji, tuone na sisi hapa. Mlinde mume wangu, mlinde huyu aliye tumboni. Nikasema amina. Kisha nikasikia sauti ya mzee, na safari hii ilikuwa ya chini sana.

"Kuku, mwambie anitaje na mimi."

Niliona aibu, ndugu zangu, maana sikuwa nimemtaja. Na jina lake sikuruhusiwa kulitamka. Basi nikaomba tena, nikasema, "Na huyu aliye mgongoni pangu, Bwana, unamjua kwa jina." Akajibu mwenyewe, "Amina," bila kumtuma kuku.

Maji yalikuwa yanagusa vidole vya miguu nilipoisikia ile sauti. Mbali, upande wa ziwani, tarumbeta. Nikadhani masikio yananidanganya, nikadhani labda ndiyo ile ya siku ya mwisho! Ikapanda, ikashuka, ikakaribia pale katikati ya wimbo, nikazuia pumzi. Ikavunjika. Ikatoka kama mbuzi aliyekanyagwa! Nikapiga makofi juu ya kichuguu nikilia na kucheka. Malaika asingekosea pale. Yule alikuwa Ambilikile wangu.

Alikuwa amesikia kwamba Lufilyo umefurika, akajua niko njiani. Akamsihi mama mmoja Mkisi aliyekuwa ameleta vyungu kwa mtumbwi, wakaingia nao mashambani, yeye anapiga tarumbeta kila upande ili kama nipo nijibu. Lakini nijibu kwa sauti ipi? Sauti yangu ilikuwa imekwisha. Nikasema moja kwa moja, nikamsahau hata kuku, "Waite! Waite kama unavyoita ng'ombe!" Na mzee akasimama, akaweka viganja mdomoni, akatoa ile sauti ndefu inayovuka bonde, ile ile iliyokuwa ikinikaza tumbo miaka yote. Siku ile niliisikia kwa furaha.

Mtumbwi ukaja. Ulikuwa umejaa vyungu vya soko la Pasaka, vizuri, vipya. Yule mama alitutazama, hakuuliza neno, akaanza kuvitupa majini kimoja kimoja. Ambilikile akamwambia pole, mama. Akajibu, "Vuta kasia, udongo bado upo kwetu." Mama huyo yupo pale karibu na dirisha, amejiinamia, hapendi kusemwa. Ndaga fijo, mama. Asante sana.

Nikaingia mimi kwanza, kaniki usoni. Mume wangu akamnyooshea baba yake mkono, "Tata, panda." Mzee hakusogea.

"Sipandi," akasema. "Mpeleke mkeo, kisha unirudie."

"Tata, kichuguu hiki hakitangoja."

"Mtumbwi ni mdogo, tutakaa uso kwa uso. Mama yako ameniambia huyu ana mimba. Mbili zimekwisha kutoka, na mimi najua ni kwa sababu ya nani. Ni mimi niliyetokeza pale mtoni. Sitaiua na hii ya tatu. Nendeni."

Ndugu zangu! Miaka yote ile nilidhani hofu ni yangu peke yangu. Nilidhani yeye hulala usingizi mzuri katika kijiji chake cha wazee. Kumbe kila mimba yangu ilipotoka, yule mzee alijihesabu kuwa muuaji wa wajukuu zake. Alikuwa tayari kuzama na kichuguu kuliko kunitazama.

Na hapo ndipo niliposhindana. Msidhani ilikuwa rahisi. Yule mtoto nilimtaka kuliko macho yangu. Hofu ikaniambia, nyamaza, mzee amesema mwenyewe, hakuna atakayekulaumu. Na kitu kingine ndani yangu kikasema, yule uliyemwomba sasa hivi, umemwomba kweli au umesoma tu kama somo la shule? Nikamwambia Bwana, mtoto huyu ni wako, na mzee huyu ni wako, mimi siwezi kuchagua mmoja. Nikaivuta kaniki kutoka usoni, nikageuka, nikamtazama.

Nilimwona. Alikuwa mzee aliyechoka, amelowa, kuku mwekundu begani, na machozi yanamtiririka ndevuni. Hakuwa na jambo la kutisha hata kidogo. Nikamwambia, "Mugonile, tata." Ni salamu yetu ya kila siku, nyote mnaitoa mkikutana njiani, na mimi sikuwahi kumpa tangu niolewe. Nikasema, "Panda. Mtoto yuko mikononi mwa Kyala, hayuko machoni pako."

Mzee alinitazama, akatazama chini, akanitazama tena. Kisha akaingia mtumbwini, tukakaa uso kwa uso magoti yakigusana, na hakuna aliyefunika uso mpaka tunafika nchi kavu. Kesho yake watu walikwenda kutazama pale kichuguu kilipokuwa, wakakuta maji matupu.

Nisiwafiche: jioni ile tumbo liliniuma, na wanawake wakaanza kunong'ona. Nilikumbuka walivyonitazama tumboni zamani na nikaogopa. Lakini alfajiri niliamka, mtoto akacheza tumboni, nikaenda makaburini na wengine. Ambilikile akapiga tarumbeta, na alipofika pale pa kupanda, sauti ikamvunjika mbele ya kanisa zima. Watu walisikitika. Mimi nilisema haleluya kwa nguvu, mchungaji akageuka kunitazama! Na nje ya ua wa makaburi, peke yake, alisimama mzee mmoja ambaye alikuwa hajawahi kukanyaga karibu na sala yetu. Hakuingia. Alisimama mpaka jua likatoka, akaondoka.

Tukarudi shuleni, kengele, matofali, maharage, kibao kimoja. Nilijifunza nikiwa na tumbo kubwa, nikaandika herufi nikiwa nimeegemeza kibao juu yake. Kila mwezi uliopita nilisema asante. Kila usiku mbaya nilisema, Bwana, nimekwisha kukuachia, usinirudishie. Na wakati wa kuvuna maharage nikajifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti ya kumshinda baba yake na tarumbeta yake. Asifiwe Bwana!

Siku chache baadaye nilikuwa nimekaa mlangoni nikinyonyesha, nikasikia kikohozi. Miguu yangu ilitaka kuondoka yenyewe, ndugu zangu, mazoea si kitu cha kuvua kama nguo. Nikakaa. Mzee akatokeza, amepanda mlima wote ule kwa miguu, vumbi mpaka magotini. Na chini ya kwapa amembeba yule kuku mwekundu! Mama mkwe alikuwa amekatazwa kumchinja. Mzee akaketi mbali kidogo, kwa heshima, nikamwekea mtoto mikononi. Akamtazama muda mrefu. Kisha akamwita Tupokigwe, ambalo kwa Kinyakyusa ni kusema tumeokolewa. Ni yeye aliyelitoa jina hilo, si sisi wasomaji.

Msinielewe vibaya. Mimi bado ni mkwe. Nikikutana naye njiani napiga magoti, na jina lake silitaji hata leo, kwa kuwa nampenda na kumheshimu. Heshima imebaki, hofu imetoka. Nikipiga magoti naangalia juu, na yeye hapindi njia.

Basi ndugu zangu, wewe uliyekaa hapa leo ukiwa umejificha, nasema nawe. Labda hofu yako ina jina zuri, labda watu wanakusifu kwa ajili yake. Umeinama kwenye matete unangoja ipite, na maji yanapanda. Toka. Bwana yuko kwenye mtumbwi, na kwa ajili yako amekwisha kutupa vyungu vyake vyote. Mtumaini yeye. Mimi nilimpa kitu nilichokipenda kuliko vyote, naye akanirudishia mikononi mwangu, kinalia na kunyonya.

Nimemaliza, mchungaji. Neno moja tu. Mnaulizana ni nani atakayebatizwa leo, yule mzee aliyeketi kwenye benchi la mwisho, amempakata mtoto aliyelala. Amekaa kule nyuma kwa adabu, ili nisisumbuke nikimwona.

Tata, nimekwisha kukuona. Simama, na wenzangu wakuone.